Nyuso Alizoongeza Anyona

Kwa miaka mingi, ukuta wowote uliopakwa rangi pale Masimba ulikuwa umepita mikononi mwa Anyona Masese. Kinyozi, duka la dawa, hoteli ya chai na maandazi, mahali pa kusagia mahindi, kote aliandika yeye, kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Simba wake hawakukosa hata unywele mmoja wa sharubu. Ukimpa kalenda yenye picha ya mlima, aliuhamishia ukutani bila kuangusha jiwe.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mwenye duka alituma picha kwa simu akiwa ameketi kwake, na kabla jua halijatua bango lilikuwa limeshaning'inia mlangoni. Anyona alibakiwa na vikazi vidogo: namba za madarasa, majina kwenye misalaba ya makaburi, mlango wa kanisa mara moja kwa msimu.

Aliyemtoa hapo ni mzee Ratilal, mwenye duka la rangi mjini Kisii alikonunua rangi zake tangu ujana.

"Anyona, panda huko juu ghorofani ukamwone binti yangu," Ratilal alimwambia siku moja. "Shruti amerudi kutoka Nairobi, anafundisha watu kuchora kwa akriliki. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Wewe mkono unao, unataka tu kitu kipya."

Jumapili iliwafaa. Anyona na mkewe Tryphosa Mokeira, wazazi wa Ogoti, ni Waadventista, ibada yao huwa Jumamosi. Akamwambia mkewe waende wote. Alisema ni kwa sababu alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba vitu, lakini hapakuwa na vitu vingi vya kubeba. Alichotaka ni Mokeira awepo aone jinsi atakavyowashinda wale wengine.

Wale wengine walikuwa wachache: mwalimu mstaafu, wasichana wawili wa chuo, na muuguzi. Shruti, mwanamke mwembamba aliyefunga nywele kwa penseli, hakuuliza nani amekuja kujifunza na nani amesindikiza. Alimpa kila mtu kipande cha ubao, brashi na sahani ya rangi, kisha akaweka parachichi mezani.

Rangi ile ilimsumbua Anyona. Alikuwa amezoea rangi ya mafuta, ambayo inakusubiri. Unaipaka, unakunywa chai, unarudi kuilainisha. Akriliki ilichanganywa na maji tu, na kabla hajailainisha ilikuwa imeshakauka chini ya brashi. Hata hivyo alipambana nayo mpaka akatoa parachichi ambalo ungeweza kulikata.

"Sawa kabisa," Shruti alisema, akaendelea mbele. Alipofika kwa Mokeira alisimama.

Parachichi la Mokeira lilikuwa limeinama, na upande wake mmoja ulikuwa karibu bluu.

"Kwa nini bluu, mama?"

Mokeira aliona haya. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, alikitumia mjini tu. "Upande ule ulikuwa unasikia baridi," akasema.

Wasichana wa chuo walicheka kidogo. Shruti hakucheka. Alibaki pale akiangalia, na Anyona, aliyekuwa akisubiri arudi kwake, alisikia kitu kikimkaza chini ya mbavu.

Hakukiita wivu. Nyumbani alilifanya jambo lile kuwa mzaha, akamsimulia jirani yake Nyamongo habari za parachichi lenye homa. Mokeira naye alicheka. Lakini Jumapili iliyofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Wiki zilivyokwenda, Anyona alichora simba, akachora twiga wawili chini ya mgunga, akachora mlima wenye theluji. Shruti alizisifu picha zote kwa sauti ile ile. Siku ya mlima aliketi kando yake.

"Baba Ogoti, hii ni safi. Ila nimewahi kuiona. Wewe huwa unachora nini kama hakuna mtu aliyekuagiza?"

Anyona alisuuza brashi. Hakuwahi kuchora kitu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza. Alifikiri ni swali la kumdharau, akalibeba moyoni hadi nyumbani kama kokoto ndani ya kiatu.

Mokeira alikuwa amejitengenezea nafasi dirishani, jikoni. Akishapeleka majani chai kituoni, akishakama ng'ombe, aliegemeza ubao kwenye gunia la mahindi na kuchora akiwa amempa mumewe mgongo. Anyona alipita pale mara nyingi kuliko alivyohitaji. Alipita kutafuta kikombe. Alipita kutafuta chumvi ambayo hakuwa na haja nayo. Kila mara alitafuta kosa, na makosa yalikuwa mengi: miguu mirefu mno, ndizi zenye rangi ya moshi, nyumba isiyo na pembe hata moja iliyo sawa. Angeweza kuyasahihisha yote akiwa amefumba macho. Kilichomkera ni kwamba hata akiyajua yote, alirudi kuangalia.

Kisha Mokeira akachora mvua ya mawe.

Ilikuwa mvua aliyoiona akiwa mtoto kwao Nyaramba, ile ya vipande vya barafu inayoangukia majani chai na kuyachana yote kwa muda wa kuchemsha chai. Aliwachora wanawake shambani, wakikimbia, kila mmoja amejifunika kichwa kwa kikapu cha kuchumia. Hawakuwa na nyuso. Vikapu vilishuka hadi mabegani. Anga ilikuwa ya zambarau na kijani, rangi ambazo Anyona asingeziweka pamoja hata kwenye bango la baa.

Shruti alipoiona alitoa penseli nywelini, akairudisha. "Hii itakaa katikati," alisema. Alikuwa ameomba ukumbi mmoja mjini ili wanafunzi waonyeshe kazi zao. "Mama Ogoti, usiiguse tena. Iko tayari."

Anyona hakuambiwa yake itakaa wapi.

Ijumaa, siku mbili kabla ya maonyesho, Mokeira alikuwa shambani. Picha ilikuwa dirishani. Anyona aliingia jikoni, akasimama mbele yake, akajiambia kwamba watu wa mjini watamcheka mkewe, kwamba mume mwenye ufundi hawezi kukaa tu na kuangalia mke akichekwa. Alichanganya rangi ya kahawia na nyeupe kidogo. Akaanza na mwanamke wa mbele. Alimwinulia kikapu, akampa paji la uso, macho, pua nzuri, midomo. Akaenda kwa wa pili. Aliwanyoosha miguu. Alifanya kazi vizuri na kwa haraka, kwa sababu sasa alikuwa ameshaizoea akriliki, na alipomaliza wanawake wote walikuwa wazuri kama wale wa kwenye mikebe ya mafuta ya nywele.

Mokeira aliingia akafungua kitambaa kichwani kwa ajili ya maandalizi ya Sabato. Akaiona.

Aliisogelea. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, "Hawa ni nani?"

Anyona alishtuka zaidi kwa lugha kuliko kwa swali. Nyumbani kwao ni Ekegusii tu. Kiswahili ni cha wageni, cha dukani, cha afisa wa serikali akija.

"Ni wale wale," alijibu kwa Ekegusii. "Nimewapa nyuso tu. Nimekusaidia."

"Siwajui," Mokeira akasema, bado kwa Kiswahili. "Huyu wa mbele alikuwa mama yangu. Siku ile sikumwona uso. Alikuwa amejifunika, na mimi nilikuwa nakimbia nyuma yake nikiangalia miguu yake."

Akaenda kuosha mikono.

Anyona alisubiri ugomvi. Alikuwa ametayarisha maneno ya kujitetea, na yote yalibaki bila kazi. Mokeira alipika, wakaenda kanisani, wakarudi, akamwita kula, na yote aliyomwambia, machache, aliyasema kwa Kiswahili fasaha cha adabu, kama anayezungumza na mtu wa kusoma mita. "Karibu chakula." "Maji yako yako hapo." Anyona aligundua kwamba afadhali kutukanwa.

Jumapili waliibeba picha hadi ukumbini hivyo hivyo. Shruti aliitazama, akamtazama Anyona, akamtazama Mokeira.

"Mkono wa nani huu?"

Hapo ndipo Anyona alipoona aibu kamili, kwa sababu Mokeira alisema, "Wa nyumbani," na hakumwangalia. Angeweza kumtaja mbele ya wote.

"Ni mimi," Anyona akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilikuwa na wivu."

Hakuwa amepanga kulisema neno hilo. Mwalimu mstaafu alijifanya anatafuta miwani yake.

Shruti alikwaruza rangi kwa ukucha. "Ikishakauka haitoki, ni kama plastiki," alimwambia Mokeira. "Lakini unaweza kupaka juu yake. Bado tuna saa kadhaa."

Mokeira aliomba nyeupe. Hakutumia brashi, alitumia kisu cha kupakia siagi kilichokuwa kwenye meza ya chai. Aliweka barafu juu ya zile nyuso, nzito, moja baada ya nyingine, akavishusha vikapu tena, akaifanya mvua kuwa nyingi kuliko ya kwanza mpaka shamba likaanza kupotea. Chini ya ile rangi nyuso za Anyona zilibaki kama vivimbe. Ukisimama pembeni uliona kwamba kuna watu ndani ya mvua.

Picha ilikuwa bora kuliko mwanzo. Anyona ndiye aliyeliona hilo kabla ya wote, na lilimuuma upya, maana hata ubaya wake ulikuwa umemsaidia mkewe na haukumsaidia yeye. Mchana wote watu walisimama katikati ya ukumbi. Mbele ya mlima wake wa theluji walipita wakisema ni mzuri, huku wakitembea. Mgeni mmoja alimshika mkono na kumuuliza, "Wewe ndiye mume wa yule wa mvua ya mawe?"

"Ndimi," alijibu.

Hakurudi darasani kwa muda. Mokeira alikwenda peke yake. Kiswahili kiliisha nyumbani bila sherehe: asubuhi moja ndama alikata kamba akaingia kwenye mboga, na Mokeira akamwita mumewe kwa Ekegusii amsaidie kumkimbiza, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kurudi nyuma. Lakini hawakuzungumza juu ya picha. Jioni Mokeira alikaa dirishani na Anyona akapita nyuma yake, akitafuta chumvi.

Siku moja ya mvua, Anyona akiwa ameketi kibarazani hana kazi, alichukua ubao na kuanza kuchora bila kalenda. Hakujua atachora nini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye bega la kushoto, lile linalopanda juu zaidi Mokeira akichanganya rangi. Kisha shingo, na fundo la kitambaa. Kisha mstari wa mgongo unaonyooka ghafla mtu akisikia unyayo nyuma yake. Alishangaa jinsi alivyovijua vyote. Hakuwahi kumwangalia mtu kwa makini kiasi kile, hata simba. Alichora jikoni ikiwa na giza na dirisha likiwa na mwanga, na mwanamke akiwa kati, mgongo wake kama mlango uliofungwa. Rangi ilikauka haraka na akaiacha ikauke. Bega moja lilitoka kubwa kuliko jingine. Aliliona kosa, akainua brashi alisahihishe, akaishusha.

Mokeira aliikuta imeegemezwa ukutani.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

Aliinama akaitazama karibu. "Hapa nilikuwa najua uko mlangoni."

"Nilijua unajua."

"Inaogopesha kidogo," Mokeira alisema. Baadaye akaongeza, "Mpelekee Shruti."

Shruti hakutoa penseli nywelini. Aliketi tu mbele ya ubao ule na kusema, "Hii sijaiona popote," na Anyona, mtu mzima mwenye mvi, alilazimika kwenda kusimama kwenye ngazi peke yake.

Tangu hapo amechora migongo mingi: ya watu kituoni wakipanga foleni kupimiwa majani, ya akina mama sokoni Marani wakiinamia nyanya, ya waumini kanisani walioketi mbele yake. Wapo wanaokuja kuziona picha hizo. Ukimuuliza kama wivu umekwisha, atakuambia ukweli kwamba haujaisha. Mwezi uliopita Mokeira alianza picha ya mto uliofurika, na Anyona alipoiona ile rangi ya maji, nyekundu ya udongo wa huku iliyochanganyika na kijivu asiyojua kaipata wapi, alipita kutafuta chumvi kama zamani. Alisimama pale mlangoni kidogo.

"Hiyo kijivu umeichanganya na nini?" akauliza.

"Sikuambii," Mokeira akasema, bila kugeuka.