Ukurasa wa Mwisho wa Pambano

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliiacha darasa la tano, nikauza ndizi Kiwira, na leo nina chumba cha gemu hapa Tukuyu, televisheni nne, zote zangu.

Mwalimu mmoja wa kike, mgeni aliyehamishiwa huku, aliniazima kwa wiki moja kitabu cha katuni ambamo mabingwa wa kung fu wanapambana na wapiganaji wa gemu. Vijana walikigombania. Walibishana nani atashinda, na huku wakibishana wanacheza, wanalipa. Nikaona wakiujua mwisho ubishi utakufa. Nikauchana ukurasa wa mwisho, nikawashia mkaa.

Jumamosi mwalimu akaja kukichukua, akafungua nyuma.

“Kaka, mwisho uko wapi?”

“Panya, Mwalimu. Panya wa huku hawana adabu.”

Hakucheka. “Mwanangu yuko Bukoba kwa bibi yake. Kila Jumapili namsomea kwa simu, kurasa mbili mbili. Kesho tulikuwa tunamaliza. Hata mimi sijachungulia, nilimwahidi tutajua pamoja.”

Mimi ninayewaweza mpaka mgambo, niliinama nikajifanya napanga waya za gemu. Jumapili nzima nilimwaza yule mtoto na simu yake sikioni.

Nikaagiza kingine Dar, kikaja kwa basi. Mwalimu alinishukuru mno, akaniita mtu mwema, na habari ya panya sikuifuta. Akafungua pochi, akauliza kimenigharimu kiasi gani. Hela yake nilikataa, ila bei nikamtajia, najisifu hata hapo: shilingi elfu arobaini na moja na mia tano.