Jike Mweusi wa Daejeon

Bi Tak Geum-rye alikuwa akitunza panya wa maabara huko Daejeon, Korea Kusini, tangu afiwe na mumewe. Aliwapenda wote isipokuwa jike mmoja mweusi. Kila alipozaa, vichanga wengi walikutwa wamekufa, wengine wameliwa nusu; walipona wachache tu.

"Mchawi wewe," alimwambia akimbadilishia maranda. "Unazaa ili ule?"

Mtafiti wao, Daktari Pyo Da-hae, alikuja kuwaokota wale maiti wadogo awachunguze. Alikuwa na mimba kubwa. Bi Geum-rye akamvutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Hii niachie mimi."

"Mama, kweli anawaua mwenyewe?"

"Damu iko mdomoni. Unataka shahidi gani?"

Jike alipokaribia kuzaa tena, Daktari aliweka kamera juu ya kizimba, kisha yeye na Bi Geum-rye wakakaa kutazama picha huku wakila kimbap, matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Jike alizaa, akawaramba wanawe, akawakumbatia chini ya tumbo. Ndipo wale wachache waliopona wa uzazi uliotangulia, waliokuwa bado wanaishi naye, wakaja mbio kugombea chuchu. Waliwakanyaga wadogo zao na kuwatawanya. Mama akawarudisha mmoja mmoja, wakatawanywa tena, hadi wakafa na kupoa. Aliwanusa kwa muda mrefu kabla ya kuwala.

Bi Geum-rye aliliweka chini tonge lake.

"Kumbe alikuwa anasafisha kitanda," alisema. "Nami nimemtukana miezi yote hii."

"Hata mimi nilimshuku, mama."

Katika mimba iliyofuata ya jike, waliwahamisha wakubwa mapema, wakampa karatasi laini nyingi za kujengea kiota, na baada ya kuzaa hakuna aliyemgusa. Daktari hakuwapo kuona. Naye alikuwa amejifungua. Bi Geum-rye alimpelekea nyumbani supu ya mwani wanayopikiwa waliojifungua, ya moto, iliyojaa nyama.

"Mzazi mwenzangu vipi?" Daktari aliuliza kabla hata ya kushika kijiko.

"Mmoja alitutoka, alizaliwa dhaifu. Waliobaki wameshiba. Ngozi yao nyembamba, maziwa unayaona meupe tumboni."

"Yeye umempikia supu?"

"Nimempa mbegu za alizeti. Na nimemwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Alinipa mgongo. Ana watoto wa kunyonyesha, hana muda na mimi."

Daktari alicheka, kisha machozi yakamtoka. Bi Geum-rye akampokea mtoto.

"Kula, mwanangu. Inapoa."