Urea ni Sitini

Mbolea ya urea ikipata unyevu hutoa harufu kali inayochoma pua, kama zizi la mbuzi asubuhi kabla halijafagiliwa. Nikiisikia leo, hata nikiwa napita tu mbele ya duka la pembejeo, narudi nyumbani kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa mkokoteni kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, katika msimu nilipokuwa kidato cha tatu. Mvua zilichelewa, kisha zikaja za kubahatisha, na mahindi yaliyofika magotini yalikuwa ya manjano kama macho ya mgonjwa. Baba, aliyetegemea samadi miaka yake yote, alikubali ushauri wa jirani yetu wakanunua kwa pamoja mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi, kama watu walivyoiita. Waligawana palepale sokoni. Nusu yetu ilikuja kwenye kiroba cheupe kisicho na maandishi, ikivutwa na maksai wetu wawili, Tajiri na Kanali.

Wiki hizohizo, Mwalimu Hadija alikuwa akitufundisha kukokotoa uzito wa moli. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Dodoma mjini, na ndiye pekee aliyefundisha kemia kidato cha kwanza hadi cha nne, hivyo ikifika saa sita mchana sauti yake ilikuwa imekwisha. Maabara hatukuwa nayo. Alichagua urea kwa kuwa alijua wazazi wetu wanaijua. Akaandika ubaoni fomula yake, CO(NH₂)₂, na chini yake: kaboni moja, kumi na mbili, oksijeni moja, kumi na sita, nitrojeni mbili, ishirini na nane, haidrojeni nne, nne. Jumla, gramu sitini kwa kila moli. Mimi kila nikijaribu nilipata hamsini na nane, kwa sababu ile mbili ndogo iliyokaa nje ya mabano niliizidisha kwa nitrojeni, haidrojeni nikaiacha. Sikuwa mzembe, nilikuwa nimechoka. Mama alikwenda kwao kujifungua, na kazi zake zote zilinihamia mimi. Mwalimu alikuja akaketi kwenye ukingo wa dawati langu, naye hoi, akaniambia taratibu, “Yusta, hiyo mbili ni ya wote waliomo ndani ya mabano. Mama akipika, hampikii mtoto mmoja.”

Nikaielewa, na kwa kuogopa isinitoroke nikaifanya wimbo. Niliimba nikitwanga, niliimba nikichota maji: kumi na mbili, kumi na sita, ishirini na nane, nne, urea ni sitini. Bibi, mama yake baba, ambaye lugha yake ilikuwa Kigogo na Kiswahili chake cha kanisani na mnadani, aliudaka wimbo huo. Akipepeta uwele alikuwa akiumaliza kwa kuvuta lile neno la mwisho, “sitiini,” bila kujua sitini ya nini. Nilimwona anafurahi, sikumweleza. Nami nadhani nisingeweza kumweleza.

Siku mkokoteni uliporudi, baba aliwafungua maksai, akaweka kiroba kwenye kivuli cha ukuta, akaingia ndani kulala. Bibi aliwaona wale wanyama wanahema, jasho linawatiririka shingoni palipokuwa na nira. Maisha yake yote, ng'ombe aliyerudi kazini alipewa chumvi. Alifungua kiroba, akaona punje nyeupe, akawamiminia kwenye kihori. Tajiri alikuwa mbabe; alimsukuma mwenzake akala karibu peke yake. Niliporudi shuleni nilimkuta ameanguka, tumbo limevimba, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Kanali alisimama pembeni akiyumba. Jirani alikimbia kumwita bwana mifugo, aliyefika kwa pikipiki na kutuagiza tumnyweshe Kanali maji mengi ya baridi. Siki ingesaidia, alisema, lakini nani kwetu aliwahi kununua siki? Tajiri alikufa jua likiwa bado juu. Bwana mifugo alikataza nyama yake isiliwe, tukamzika. Ajali haina kinga, majirani walisema, wakaondoka mmojammoja.

Baba hakumgombeza mama yake. Alimwambia tu, “Mama, hukujua,” akaenda kuifungua nira kwenye mkokoteni. Bibi ndiye hakujisamehe. Alikaa mlangoni na khanga begani, akaniita. Aliniuliza ile mbolea inaitwaje. Nikamwambia ni urea.

“Hii ndiyo ile uliyokuwa ukiiimba?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi ulikuwa unaijua.”

“Nilijua uzito wake, bibi. Mengine hatujafundishwa.”

Alitikisa kichwa kwa upole, akanishika mkono, wala hakuniuliza tena. Tangu siku hiyo hakutia chumvi kwenye chungu. Mboga ikichemka aliniita mimi nitie, na nisipokuwepo alisubiri, hata kama watu wana njaa. Maksai mmoja hakokoti jembe la palizi, kwa hiyo shamba lote tulilipalilia kwa mkono, mimi na baba kabla ya shule, na bibi nyuma yetu akiwa ameinama kuliko umri wake. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Sisi tulielemewa. Nilipomsimulia Mwalimu Hadija, alinionyesha kwamba katika ile sitini, ishirini na nane ni nitrojeni, karibu nusu, na ikizidi tumboni mwa ng'ombe hugeuka sumu. Kisha akasema, “Ningewaambia siku ileile. Kipindi kiliisha.”

Mtihani nilifaulu. Leo naishi Ipagala, Dodoma mjini, na nafundisha kemia katika shule yenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, kwa hiyo nikifika kwenye urea nawaeleza pia kuhusu ng'ombe, kengele ikilia nikiwa katikati. Wengine wameshapata jibu kwenye simu na wanashangaa kwa nini bado nazungumza. Kwa baba mambo ni mepesi sasa. Trekta la kukodi humaliza kwa asubuhi moja kazi ya wiki zetu, na mbolea huja katika mifuko yenye maonyo ya Kiswahili kwa herufi kubwa. Bibi ametangulia, ng'ombe hatuna tena, na zizi lilivunjwa tukalichoma kuni. Mara ya mwisho nilipokwenda, mfuko wa urea ulikuwa wazi barazani mchana kutwa. Nilimuuliza baba kwa nini hajaufunga. Aliutazama, akautazama uwanja mtupu, akasema, “Nimfungie nani?”