Siku Niliyoitika kwa Sauti ya Mwalimu Siwema

Siku ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, saa kumi za jioni, kwenye bwalo la chuo chetu hapa Kibaha. Viti vya chakula vilikuwa vimepangwa ukutani, magodoro ya mazoezi yametandazwa chini, na harufu ya maharage ya mchana bado imeng'ang'ania kwenye mapazia. Nikiikumbuka, natafuta kitu cha kufanyia mikono.

Najua unacheka. Unaniona nina miaka kumi na tisa, ndevu zangu ukianza kuzihesabu unazimaliza chai haijapoa, halafu nakuita mwanangu. Cheka tu. Ila kwenye timu ya sarakasi uzee unakuja mapema. Ukifika mwaka wa pili magoti yanalia ukichuchumaa, na wageni wanakupa shikamoo ya utani ambayo unaipokea ukiwa serious kabisa. Nimeombwa niwaandikie ninyi wa mwaka wa kwanza mliojiandikisha juzi. Mwingine angewaandikia habari za kunyoosha misuli na kunywa maji. Mimi nina jambo moja tu, na si la kufurahisha.

Kabla yenu alikuwepo Mwalimu Siwema. Mmeyaona yale makombe kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa chuo, yaliyobanana mpaka moja limelazwa ubavu? Ni yake. Alizaliwa Mzenga, Kisarawe ndani huko, akajifunza kupinduka kwenye mabua ya mpunga baada ya mavuno, bibi yake akimkimbiza na ufagio kwa sababu mtoto wa kike hageuzi miguu juu. Alipoletwa hapa kufundisha, chuo hakikuwa na godoro hata moja. Akashona magunia, akayajaza makumbi ya nazi, na watu wake wa kwanza walijifunzia hapo, wakitoka na mikwaruzo kama wamegombana na paka. Alikaa miaka kumi na tisa. Kwenye mashindano ya vyuo, jina letu lilikuwa likisomwa mwisho kabisa, kwenye nafasi ya kwanza, pale wengine walipokwisha kufunga mabegi. Wanafunzi wake ni walimu sasa, wamesambaa mpaka mikoa ambayo mimi naijua kwenye ramani tu.

Makombe yenyewe hakuyataja. Alikuwa na sentensi moja ya kujisifia, aliyoisema huku akikunja suruali yake ya michezo: "Sijawahi kuacha mtoto wa mtu." Yaani hakuna aliyeruka mbele yake akafika chini bila mikono yake kumpokea.

Na alikuwa na utaratibu wake, ambao mtaufuata kuanzia Jumatatu. Mrukaji akishapanda juu, anauliza: "Mkono?" Mdakaji, akishapanua miguu na kuinua macho, anaitika: "Upo!" Usiposikia hilo neno, huruki, hata kama bwalo zima linakupigia makofi. Na ukishaitika, mwili wako si wako tena. Hukohoi. Hujikuni. Alitufundisha kuitika kama mtu anayekula kiapo.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa mchekeshaji wa timu. Niliweza kuiga sauti ya mtu yeyote: mkuu wa chuo akisafisha koo kabla ya tangazo, mpishi akisema nyama imeisha huku bado anatafuna. Lakini kazi yangu bora kuliko zote ilikuwa Mwalimu Siwema. Sauti yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, inavuta neno la mwisho kama wanavyovuta watu wa kwao. Niliwahi kusimama nje ya bweni nikaita, "Nani hajafika uwanjani?" na watu wakatoka mbio, mmoja bado ana mswaki mdomoni. Siku moja Mwalimu mwenyewe alinikuta katikati ya onyesho. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Shomari, siku nikiugua utanifundishia." Niliichukua kauli ile kama cheti.

Alhamisi ile zamu ilikuwa ya Elia. Elia ni kijana wa bara, mtaratibu, mrefu kidogo kwa mrukaji. Alikuwa anajifunza kuruka kinyumenyume kutoka kwenye mabega ya wenzake wawili. Wiki nzima alikuwa anapanda, anauliza, anaitikiwa, halafu anashuka kwa kuwakumbatia watu kama anashuka mnazi. Tukamfanya kitoweo.

"Elia, tukuletee ngazi?"

"Mwacheni, anaangalia kama mvua inakuja."

"Tukuchimbie choo huko huko juu?"

Hilo la choo lilikuwa langu.

Akapanda. Mgongo wake ulielekea kwa Mwalimu, kama inavyotakiwa. Mwalimu alikuwa ameinama, anasukuma magodoro mawili yaliyokuwa yameachana. Elia akauliza, "Mkono?" Mwalimu hakujibu, kwa kuwa hakuwa tayari. Utaratibu ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa.

Ningekuambia shetani alinipitia, mwanangu, lakini shetani hakuwa amejiandikisha kwenye timu. Niliona tu nafasi ya kicheko, basi. Nikiwa nyuma ya nguzo, nikaitika kwa ile sauti nzito: "Upo!"

Nilitegemea atashuka akikumbatia watu kama kawaida, kisha Mwalimu ainue kichwa aulize nani kaitika, na bwalo lilipuke. Sikutegemea kwamba ataamini. Wiki nzima Elia hakumwamini mtu. Siku ile akaamini.

Mwalimu aliinua kichwa akamkuta tayari yuko hewani, kichwa kinatangulia. Hakupata muda wa kusimama. Alijitupa. Alimpokea kwa bega la kulia na shingo, wakaanguka wote, yeye chini. Nilisikia kitu kikikatika na kwa sekunde moja nilidhani ni kiti. Elia aliinuka mdomo umepasuka, analia. Mwalimu hakuinuka. Neno lake la kwanza, akiwa bado amelala pale, lilikuwa, "Elia kaumia wapi?"

Wiki iliyofuata kikakaa kikao. Wazazi wa Elia walisafiri usiku na mchana kuja, na walikuwa na haki. Sisi wana timu tuliwekwa kwenye benchi karibu na mlango tuwe mashahidi. Wote walioulizwa kabla yangu walisema walimsikia Mwalimu akiitika. Elia naye akasema hivyo hivyo. Nilikuwa nimeiga vizuri.

Mkuu wa chuo akamgeukia Mwalimu, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. "Mwalimu, uliitika?"

Akaangalia benchi letu. "Niliitika mimi," akasema. "Niliitika kabla sijawa tayari."

"Kuna mwenye la kuongeza?"

Mimi, mwanangu, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kuongeza, niliangalia viatu vyangu.

Barua aliyopewa ilikuwa na neno uzembe. Aliondolewa kwenye timu, kisha daktari akasema mkono ule hautapanda tena kupita kifua, na mwalimu wa sarakasi asiyeweza kuinua mkono hana la kufanya bwaloni. Akaomba kustaafu mapema. Hakuagwa. Mtu aliyejaza kabati zima aliondoka na mfuko mmoja, akiushika kwa mkono wa kushoto.

Nilidhani kukaa kimya kutazoeleka, kama harufu ya bweni. Hakukuzoeleka. Watu walisema, "Kumbe mama alishazeeka, angeacha mapema." Walisema mbele yangu, nami nikatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. Elia ndiye alinimaliza. Kila mgeni aliyeuliza kwa nini ameacha kuruka, Elia alimjibu maneno matatu tu: "Mwalimu Siwema alinidanganya." Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayekutajia anakoishi.

Mwezi wa tatu tangu aondoke nikamfuata kwao Mzenga. Nilichukua bodaboda kutoka Mlandizi, njia nzima nikipanga maneno, na nilipofika nilikuwa nimebaki na shikamoo tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda, au suruali si yako?" Alikuwa amekaa barazani kwa mama yake, mkono wa kulia umelala kwenye mapaja kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie. "Afadhali umekuja. Kaa kwenye hicho kibao cha mbuzi unikunie nazi. Mpwa wangu yuko shamba, na mkono huu hausukumi kitu."

Nikakaa. Nikakuna. Nazi ya kwanza ikaisha sijasema neno. Nikashika kifuu cha pili.

"Mwalimu, siku ile aliyeitika..."

"Umeacha nyeupe pembeni. Kuna vizuri."

Nikakuna pembeni. "Aliyeitika ni mimi."

"Najua."

Nikaacha kukuna.

"Shomari, nilijisikia naitika, na mdomo wangu umefungwa. Ulidhani nitafikiri ni jini?"

Kwa siku nyingine tungecheka, na mimi nilikaribia kucheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

"Kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Ningesema, wangekufukuza. Ungeenda kwenu umefukuzwa, na hujatamka kitu. Nikasema mwache, atasimama mwenyewe. Kwenye kikao nikakuangalia, nikasema sasa hivi anasimama. Ukaangalia viatu. Nikasema basi kesho. Nikaja huku, ikawa kila pikipiki ikikata kona pale nanyanyuka kuangalia kama ni wewe. Mwezi wa pili nikaacha kunyanyuka."

Akahamisha mkono ule kwa mkono wa pili, akauweka vizuri.

"Bega silihesabu sana," akasema. "Bega ni ujinga wa dakika moja, na mimi nimefundisha wajinga maisha yangu yote, nawapenda. Lakini mimi nimedaka watoto wa watu miaka kumi na tisa. Siku niliyoanguka mimi, pale kikaoni, wewe ulikuwa umekaa hatua nne kutoka nilipo."

Nimewahi kuchapwa nyumbani na shuleni, mwanangu, nimewahi kuitwa majina hadharani. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na zile hatua nne.

Nikamwambia Jumatatu nitaenda kwa mkuu wa chuo.

"Nenda. Lakini anza na Elia."

"Atanipiga."

"Huenda."

Elia hakunipiga. Nilimkuta anafua nyuma ya bweni, nikamweleza yote nimesimama. Povu likakauka kwenye mikono yake. Kisha akasema, "Itika tena. Vilevile." Nikakataa. Akasema, "Itika." Nikaitika. Akafunika uso kwa ile mikono yenye sabuni, na tangu siku hiyo sijaiga sauti ya mtu yeyote, hata ya mpishi.

Mkuu wa chuo alinisimamisha muhula mmoja, na baba yangu akaongeza adhabu zake ambazo si za kuandikwa. Lile neno uzembe liliondolewa kwenye jalada la Mwalimu, akaandikiwa barua nyingine, nzuri, yenye mhuri. Mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Aliisoma, akaikunja kwa mkono mmoja, akauliza kama mvua imenyesha Kibaha. Hakurudi. Barua hairudishi bega. Elia yupo kwenye timu, anabeba wenzake, haruki. Mimi siruki pia. Nimeomba niwe mdakaji tu. Kama Mwalimu amenisamehe, hajaniambia, na sina haki ya kumuuliza.

Basi mwanangu, sikiliza kabla hujavua viatu Jumatatu. Tania. Timu isiyo na utani inanuka jasho tu. Nitanie mimi, tania ndevu zangu, mtanie mpishi. Lakini mtu akiwa juu na uhai wake unangoja jibu, jibu hilo si mali yako kuchezea. Ni la yule atakayeweka mikono, na kama si wewe, funga mdomo. Hilo ni la kwanza, na ni jepesi, mtalishika. Gumu ni hili: ukikosea, sema siku ileile. Sema ukiwa bado unatetemeka, sema vibaya, sema ukilia. Usingoje upate ujasiri, kwa sababu wakati unangoja kuna mtu amelibeba kosa lako, na huenda ni mtu ambaye tayari umeshamvunja. Mimi nilikuja kusema ukweli mwezi wa tatu. Ulikuwa ukweli mtupu, na ulikuwa umechelewa kumfaa yule aliyekuwa akinidai.

Mungu awalinde shingo na migongo yenu. Awajalie wa kuwapokea chini, na awafanye nanyi watu wa kupokea. Wenye vichekesho awape na breki. Na mnaposali, kwa dini yoyote mliyonayo, mtajeni Mwalimu Siwema wa Mzenga, Mungu ampe walau siku moja ya kulalia ubavu wa kulia bila kuamshwa na maumivu.