Vituo Vinne vya Mzee Msabah

Kosa la kwanza la Junaid lilikuwa kudhani kwamba mwalimu wake hajui. Junaid alikuwa na umri wa miaka arubaini na tisa, ana shahada ya uchumi, na tabia moja aliyotoka nayo chuoni: jambo asiloelezwa sababu yake alilihesabu kuwa halina sababu.

Mwalimu mwenyewe, Mzee Msabah wa Mkunazini, alikuwa kuli wa bandarini kwa miaka thelathini na moja. Mchana akibeba magunia ya karafuu. Siku za harusi akivaa shati jeupe na kofia ya kiua, akapiga tromboni katika beni, bendi ya ngoma na matarumbeta ya kupita mitaani, hatua chache nyuma ya akina mama wanaocheza. Kifua kilipoanza kumbana, daktari alimkataza kupuliza. Akalitundika tromboni ukutani, kama mtu anavyotundika kanzu ya marehemu, wala hakulalamika. Lakini alikuwa amemwahidi binti yake mdogo, Saadiya, tangu utotoni, kwamba beni la harusi yake halitapita mtaani bila ya tromboni lile. Sasa Saadiya ameposwa, na mpigaji hakuna.

Junaid, jirani yake, ndiye aliyejitolea. Walikuwa na miezi minane kabla ya harusi.

Mwezi wa kwanza mzima hakugusa chombo. Mzee alimpa kipande cha karatasi, akamwambia akibandike ukutani kwa pumzi tu, kisianguke. Kisha zikafuata sauti ndefu, moja moja, za chini kwa chini: dakika kumi kupiga, dakika kumi kupumzika. Masomo yalifanyika katika ukumbi mwembamba wa nyumba, mwanafunzi ameketi akiuelekea ukuta, karibu mno. Junaid alidhani ni kwa ajili ya kuwasitiri majirani na makelele yake. Pembeni mwa mlango uliegemezwa ufito, naye aliufananisha na bakora ya chuoni alikosomea Kurani, akacheka kimoyomoyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jana ulipiga kiasi gani?"

"Saa nzima, bila kupumzika."

"Basi leo huna mdomo. Kaa, tunywe kahawa."

Tromboni halina vitufe. Lina bomba linalosukumwa mbele na kurudishwa, na kila mahali linaposimama, yaani kila kituo, pana sauti zake. Mwezi wa sita, Junaid alikuja na kitabu mkononi.

"Mzee, kitabu kinasema vituo viko saba. Mbona mimi wanifundisha vinne?"

"Vinatosha."

"Na hizi sauti nzito zilizo huko mbali?"

"Zipandishe. Kila moja ina mwenzake wa juu, yuko karibu. Mfuate kwa mdomo, si kwa mkono."

"Lakini kitabu..."

"Ah, msomi wewe! Kitabu chako kishakwenda harusini?"

Bi Nassra, mke wa Mzee, alichekea jikoni. "Mwache, bwana. Huyo hata akipakuliwa wali hutafuta kwanza ukurasa!"

Junaid naye alicheka, lakini neno lilimkaa. Usiku ule aliamua kwamba Mzee ama amevisahau vile vituo vitatu, ama hakuvijua tangu mwanzo. Kuli aliyejifundisha kwa kusikia, atavijulia wapi? Akaanza kusingizia kazi. Tromboni alilokwisha kuazimwa akabaki nalo kwake, na kwa miezi miwili akajifunza kwa video za simu, sebuleni, mkono ukinyooka mpaka mwisho. Sauti nzito zilitikisa madirisha. Alizipenda, na zile za juu, zilizomchosha mdomo, aliziacha.

Kila alipopita barazani Mzee alimuuliza, "Mazoezi vipi?"

"Yanakwenda, Mzee."

Siku ya harusi beni lilianza baada ya Alasiri kutoka uwanja wa wazi. Pale Junaid alinguruma, akina mama wakamshangilia. Mzee Msabah alikuwa amewekewa kiti barazani kwake, akisikiliza beni likija kwa mbali, mkono ukipiga goti. Njia ikawa nyembamba. Kwenye kona ya mwisho, hatua thelathini kabla ya baraza, wachezaji walisimama kuzungusha viuno, kama ada, na Junaid akajikuta ameelekea ukuta. Ikafika sauti nzito. Mkono wake ukaenda ulikozoea kwenda.

Bomba liligonga jiwe, likapinda, likakwama. Alijaribu kupanda juu, kwenye sauti za karibu. Mdomo ukatoa upepo mtupu. Ngoma hazikusimama, kwani beni halimngojei mtu, na lilipokata kona lilipita mbele ya baraza bila tromboni.

Mzee alikuwa amesimama, mkono u kifuani. Alilitazama bomba, kisha akamtazama Junaid.

"Pole," alisema. "Hukuumia mdomo?"

Junaid angependelea kutukanwa.

Fundi wa Darajani alijaribu kulinyoosha lile bomba, akashindwa. Miezi mitatu baadaye, Mzee na mkewe wakiwa wamehamia Bububu kwa mtoto wao wa kiume, Junaid alikwenda kuomba radhi. Alikaribishwa kwa halwa na kahawa. Mzee alizungumza juu ya mvua na bei ya pweza. Kila Junaid alipofungua neno la radhi, yeye alimwongezea kahawa. Saadiya, aliyekuwa amekuja kuwatazama wazee wake, ndiye aliyemsindikiza mpaka mlangoni. Ule ufito ulikuwa pale.

"Bado anao?" Junaid alisema, akijitia kufanya mzaha. "Miezi yote ile hakunichapa hata mara moja."

"Kukuchapa? Wewe Ami Junaid!" Saadiya aliushika ufito. "Baba angemchapa nani? Hiki kipimo."

Akamweleza. Wiki ile Junaid alipojitolea, Mzee aliipita njia yote ya beni kwa miguu, jua la saa saba, akikaa kila baraza kuvuta pumzi. Aliupima ufito kwenye kila kona, akaukata kwenye ile iliyo nyembamba kuliko zote, hatua thelathini kutoka nyumbani kwake. Na kila jioni, kabla Junaid hajabisha hodi, aliulaza sakafuni baina ya ukuta na kiti cha mwanafunzi: ndani ya urefu ule bomba hufika kituo cha nne tu.