Siku Dereva Alipoiita Oili Nyeusi Safi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini oili ya gari ilikuwa adimu kama sukari. Nilikuwa muuguzi Karatu, na kila mwezi tulipandisha chanjo Ngorongoro kwa Landrova ya zahanati. Dereva wetu alikuwa mzee mpole, aliyeijua barabara ile tangu ujana wake.

Siku moja, tulipokuwa tunapanda msituni, injini ikaanza kugonga. Mzee akasimamisha gari, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukiinua kwenye mwanga.

"Bado safi, sista," akasema. "Haijafika wakati wa kumwaga."

Baba yangu aliendesha lori la kahawa Oldeani, kwa hiyo oili safi naijua. Hii ilikuwa nyeusi tititi, tena chini ya alama ya mwisho. Nikaisugua kwa vidole: chengachenga tupu, na harufu ya kuungua. Nilidhani ananidanganya. Kisha nikaona anavyokitazama kile kijiti, kichwa kakiinamisha upande, nikaanza kuyashuku macho yake.

"Mzee, alama ya chini iko wapi?"

Akapapasa kwa kidole gumba mpaka akaikuta.

"Jicho la kulia lilishaenda," akasema polepole. "La kushoto linaona kidogo. Nikisema, watanirudisha nyumbani."

Upande mmoja ulikuwa mlima, wa pili korongo nisiloona mwisho wake, na ukungu ulikuwa unashuka. Mimi kuendesha sikujua. Kubaki pale kulikuwa kungoja nyati, na kugeuza gari kulinitisha kuliko kuendelea. Tukaongeza oili ya akiba iliyokuwa nyuma ya kiti, tukaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilitoa kichwa dirishani.

"Kulia kidogo, mzee. Kushoto. Simama."

Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida, maana aliendesha kwa kuifuata sauti yangu tu. Mara moja gurudumu lilikanyaga ukingo. Mawe yakaporomoka, na sikuyasikia yakitua.

Tulifika. Kurudi, mzee alisema anaumwa, tukapewa dereva mwingine. Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu, akakabidhi funguo. Fundi akaimwaga ile oili, ikatoka nzito kama uji wa ulezi.

Mimi sikumwambia mtu. Ila kwa muda mrefu nilizikumbuka safari zote za nyuma, nilizosinzia pembeni yake bila wasiwasi.