Baba Kengeza

Jirani wa Nthoki hapo Kaloleni hakujua kutulia. Hata kwenye foleni ya maji, vidole vyake vilipiga ngoma juu ya debe, vikinuka ndizi mbivu, maana kazi yake chuoni ilikuwa kuwalisha nzi wadogo wanaochunguzwa na wataalamu wa urithi. Siku moja Nthoki, ulimi umemteleza, akamwita jirani huyo "Baba Kengeza," na binti wa jirani mwenye makengeza amesimama papo hapo. Vidole vikaongeza kasi.

"Si wewe tu, jirani," baba akasema. "Hata kwetu kazini, chembe ya urithi, yaani jeni, hubatizwa kwa kasoro. Ile ya rangi ya macho inaitwa 'nyeupe', kisa nzi mmoja aliyezaliwa na macho meupe. Wenzake macho ni mekundu, wazima kabisa, lakini chembe yao nayo huandikwa 'nyeupe', ila inatiwa alama ya kujumlisha."

"Na mimi, baba?" binti akauliza.

Nthoki akatafuta pa kutazama, asipaone. Vile vidole vikatua kichwani mwa mtoto, vikatulia.

"Wewe, mama, ndiye uliyetupa sote jina."